Kengele ya Kwanza Hadi ya Mwisho: Simu za Wanafunzi ni Kazi ya Watu Wazima

Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa wazazi na walimu. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizokuwa zikionyeshwa ukutani zimeachwa.

Mwenyekiti wa bodi, mwalimu mkuu, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi viongozi wa wanafunzi mliochagua viti vya karibu na mlango kana kwamba kuna jambo mnalikimbia: habari za asubuhi.

Nimeombwa kuzungumzia simu. Nitasema simu, ila mnielewe nina maana pana: saa janja, vishikwambi, visikilizio vya masikioni, na kila kidude cha mwanafunzi kinachoweza kuingiza ujumbe, picha au mchezo katikati ya kipindi. Nimeona kanuni za shule zilizotaja simu peke yake. Haikuchukua muda, darasa zima likawa linaangalia saa. Siyo kwamba watoto walikuwa na haraka ya kujua wakati.

Niweke msimamo wangu mezani mapema ili asiwepo wa kunivizia. Mimi ni mtu wa kuzuia. Nataka simu ya mwanafunzi izimwe na ikae mbali naye kuanzia kengele ya kwanza hadi ya mwisho, mapumziko yakiwemo. Lakini sikuja hapa kuwasema watoto. Watoto wamesemwa vya kutosha. Nimekuja kusema kwamba zuio la simu ni kazi ya watu wazima, na mahali liliposhindwa, mara nyingi lilishindwa mikononi mwetu.

Tuanze na darasa lenyewe. Katika kazi yangu ya kukagua ufundishaji, hukaa dawati la nyuma kabisa. Mwalimu akiwa ubaoni huona nyuso. Mimi huona mikono. Siku moja nilikuwa kwenye kipindi cha hisabati, mwalimu mzuri, anafungua mabano taratibu, hatua kwa hatua. Mbele yangu kijana ameiweka simu katikati ya mapaja, mwanga wa kioo ameushusha hadi chini kabisa, kidole gumba kinatembea bila yeye kuinamisha kichwa. Macho yako ubaoni kama mtakatifu! Huyo hakunishangaza. Aliyenishangaza ni binti wa pembeni yake. Hakuwa na simu. Daftari lake lilikuwa wazi, kalamu mkononi, tarehe imeandikwa vizuri na kupigiwa mstari. Lakini kila kioo kilipowaka, macho yake yalishuka. Yakipanda, yakishuka. Mwalimu alipomuuliza jibu, alitoa jibu la swali lililokwisha kupita. Darasa likacheka. Mwenye simu naye akacheka.

Nawauliza, katika hao wawili, nani aliadhibiwa na ile simu?

Na jambo hili halikuishia kwenye darasa lile. Mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2022, unaopima wanafunzi wa miaka 15, uliwauliza watoto wenyewe. Katika nchi za OECD, yaani shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, wastani wa asilimia 65 walisema vifaa vya kidijitali huwaondoa mawazo kwenye somo katika baadhi ya vipindi vya hisabati, kama si vyote. Hiyo ni kwa vifaa wanavyotumia wao. Asilimia 59 walisema wanaovurugwa ni wao, lakini vifaa ni vya wenzao. Na waliosema wanavurugwa na vifaa vya wenzao walipata alama pungufu kwa takriban 15, hata baada ya kuzingatia hali ya kipato ya familia na ya shule. Wahenga walikwisha kusema mchuma janga hula na wa kwao.

Ndiyo maana mzazi anaponiambia, "Simu nimeinunua mimi, kwa fedha yangu, mwanangu ana nidhamu nayo," humsikiliza kwa heshima zote, kisha humuuliza: na wa dawati la pembeni, naye umemnunulia nidhamu?

Wapo wanaosema basi ibaki mfukoni, imezimwa mlio, inatosha. Mwaka 2017 watafiti nchini Marekani waliwapa watu mazoezi ya akili, wengine simu ikiwa mezani, wengine ikiwa mfukoni au kwenye mkoba, wengine ikiwa chumba kingine. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao simu ilikuwa chumba kingine. Waliorudia jaribio hilo hawakupata matokeo yaleyale kila mara, kwa hiyo mimi siupi utafiti huo uzito mkubwa. Ila hapo ulipokaa, simu yako ikitetemeka mfukoni sasa hivi, je, utaendelea kunisikiliza? Naona wawili tayari wanapapasa.

Sasa, ndugu wazazi, nisiwauzie dawa ya kila ugonjwa. Kuna wenzangu wanaosimama majukwaani na kuahidi kwamba simu zikiondoka shuleni, watoto watalala usingizi, watapenda vitabu, huzuni itaisha na wote watafaulu. Mimi siwezi kuahidi hivyo, maana ushahidi hausemi hivyo.

Unasema nini? Mwaka 2015 wachumi wawili, Louis-Philippe Beland na Richard Murphy, walitoa utafiti kuhusu shule za sekondari katika miji minne ya Uingereza, wakilinganisha matokeo ya kabla na baada ya shule kuzuia simu. Matokeo yalipanda, lakini hayakupanda kwa wote. Waliofaidika ni wale waliokuwa nyuma kimasomo. Wale wa juu kabisa hawakuongeza wala kupunguza. Mimi matokeo hayo hunigusa kuliko mengine yote katika mada hii. Mtoto mwenye uwezo mkubwa akipoteza dakika kumi, huzirudisha nyumbani, au mzazi humtafutia mwalimu wa ziada. Yule anayehangaika hana pa kuzirudishia. Somo lake ni lile la darasani, basi.

Kwa upande mwingine, mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham walichapisha utafiti wao katika shule 30, zenye zuio kali na zisizo na zuio kali. Walitafuta tofauti katika afya ya akili ya wanafunzi, hawakuiona. Sababu haiko mbali. Mtoto akizuiwa saa saba za shule, halafu akirudi nyumbani akaishika simu hadi usiku wa manane, jumla yake kwa siku inabaki palepale. Shule inaweza kulinda saa za shule. Saa za usiku ni za kwenu. Sina kanuni ya shule inayofika chumbani kwa mtoto, na mtu akiniletea nitaikataa.

Nikitaja mapumziko, huwa nasikia miguno. "Kipindi sawa, lakini mapumziko muwaache wapumue!" Mimi nasema, kama mngenilazimisha kuchagua kati ya kipindi na mapumziko, ningesita. Darasani kuna mwalimu. Uwanjani kuna nani?

Kuna ugomvi wa wavulana wawili niliwahi kuusuluhisha. Chanzo chake ni mpira uliotoka nje ya mstari. Ugomvi wa namna hiyo una maisha mafupi: kusukumana, matusi mawili, marafiki wanaingilia, kesho wanacheza pamoja. Lakini kwenye huu kulikuwa na duara la simu. Aliyeanguka alianguka mbele ya kamera. Niliketi na wale watoto wawili, na wote wawili waliniambia jambo moja kila mmoja kwa wakati wake: walitaka kuacha, ila walikuwa wanarekodiwa. Jioni ile video ilikwisha kufika kwa binamu, kwa majirani, kwa watu wasiojua hata jina la shule. Yule aliyeanguka hakuja shuleni wiki ile. Majeraha ya ngumi yalipona upesi sana.

Na sijataja picha zinazopigwa vyooni na kwenye vyumba vya kubadilishia nguo. Sitazitaja leo kwa urefu, kwa sababu tuna watoto ukumbini. Wazazi mnajua ninachosema.

Wafaransa walipita njia hiyohiyo. Sheria yao ya mwaka 2010 ilizuia simu wakati wa masomo. Mwaka 2018 wakaongeza: simu hairuhusiwi kutumika popote katika eneo la shule, tangu shule za awali hadi zile za watoto wa miaka 15 hivi, huku shule za juu zikiachiwa zijiamulie. Mwaka 2024 wakagundua kwamba bado kuna tundu, kwa sababu sheria ilizuia kutumia, haikuzuia kuwa nayo mfukoni. Wakaanza majaribio katika shule karibu 200, mwanafunzi akifika anaikabidhi simu au anaifungia. Waholanzi walianza Januari 2024 kwa sekondari. Brazili walipitisha sheria yao Januari 2025, na mapumziko wakayaweka ndani. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, ilipotoa ripoti yake ya mwaka 2023, chini ya robo ya nchi za dunia zilikuwa na zuio la simu shuleni. Mwisho wa mwaka 2024 ikahesabu mifumo 79 ya elimu, yaani asilimia 40. Dunia inaelekea huko. Lakini dunia kuelekea mahali haimaanishi kwamba inafika.

Na hapa ndipo penye kazi. Nimewatajia PISA. Takwimu yao nyingine ni hii: katika shule ambazo simu zimepigwa marufuku, asilimia 29 ya wanafunzi walisema wanatumia simu mara kadhaa kwa siku wakiwa shuleni. Marufuku! Na karibu watatu kati ya kumi wanaendelea. Bango liko ukutani, simu iko mkononi, na mtoto amejifunza somo ambalo halikuwa kwenye mtaala: kwamba neno la mtu mzima ni pambo.

Inakuwaje? Ngoja niwape kisa cha New York, maana ni kisa ninachokipenda, na kinachekesha mpaka kinapoacha kuchekesha.

Kwa miaka mingi jiji la New York lilikataza kabisa mwanafunzi kuingia na simu shuleni. Lakini baadhi tu ya shule zilikuwa na mashine za kukagua vyuma mlangoni. Zisizo na mashine, watoto waliingia na simu zao, na mkuu wa shule akatazama pembeni. Zenye mashine, simu zilinaswa. Sasa mtoto afanye nini, na mama anataka kujua amefika? Yakajitokeza malori. Naam, malori! Yaliegeshwa karibu na shule asubuhi, mtoto anapanga foleni, anatoa dola moja, anaacha simu, anapewa kikaratasi, jioni anarudi kuichukua. Dola moja kila siku ya shule. Na shule zenye mashine zilikuwa zaidi katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Kwa hiyo kanuni ilikuwa moja kwa jiji zima, lakini ankara ilitumwa kwa watoto wa maskini. Mwaka 2015 meya Bill de Blasio akaiondoa marufuku hiyo.

Miaka 10 baadaye, Septemba 2025, jimbo zima la New York likarudi kuzuia, kengele hadi kengele. Tofauti iko wapi? Safari hii sheria inaitaka shule yenyewe iwe na mpango wa kuhifadhi simu, iwape wazazi njia ya kumfikia mtoto, na jimbo limetenga fedha za vifaa vya kuhifadhia. Sheria ya kwanza ilimwambia mtoto: tafuta pa kuiweka, utajua mwenyewe. Ya pili inamwambia mkuu wa shule: pa kuiweka ni kazi yako.

Walimu wenzangu, hapa nageukia upande wenu. Kanuni inayosema "kila mwalimu atasimamia darasani kwake" ni kanuni iliyozaliwa imekufa. Mwalimu wa kipindi cha kwanza mkali, wa pili mpole, wa tatu anasema tumieni kutafuta maana ya maneno, wa nne anakamata simu na kuitia kwenye droo, wa tano anakuta darasa limechafuka kwa hasira ya kipindi cha nne. Kamba hukatikia pembamba, na wanafunzi wanajua pembamba ni wapi kabla ratiba haijabandikwa. Tena mnamweka mwalimu mmoja, mara nyingi yule mgeni na kijana, kwenye mvutano wa mkono kwa mkono na mtoto mwenye kitu cha thamani kubwa kuliko vyote alivyonavyo. Ikianguka ikapasuka, nani analipa? Mwalimu hakusomea kulinda simu.

Simu ichukuliwe mlangoni, asubuhi, na watu waliopangwa, kwa wote, kabla haijawa kosa la mtu. Makabati yenye kufuli, au mifuko inayofungwa kwa sumaku, au masanduku ya darasa yenye namba za wanafunzi. Sina ugomvi na njia yoyote, chagueni mnayoimudu. Mifuko ya sumaku ni ghali, na watoto wanajua kuigongesha ukingoni mwa meza mpaka ifunguke. Masanduku nayo wanayajazia simu za zamani zilizokufa, ile nzima ikiwa kwenye soksi. Viongozi wa wanafunzi, naona mnacheka, kwa hiyo tumeelewana. Ujanja utakuwepo. Hata hivyo, simu iliyo kwenye soksi haipigi video uwanjani, na mwenye nayo atakwenda nayo kwa woga. Huo woga mdogo unanitosha.

Sasa, kuna watoto ambao simu kwao si anasa. Hili nawaomba mlisikie vizuri, kwa sababu zuio lisilo na milango ni ukatili.

Namfahamu binti mwenye kisukari. Nyuma ya mkono wake, chini ya mkono wa shati, kumebandikwa kihisio kidogo cha mviringo. Kila baada ya dakika chache kinatuma kiwango cha sukari kwenye simu yake, na simu inampelekea mama yake. Sukari ikishuka, simu inalia kabla yeye hajaanza kutetemeka. Shule yake ilipoanza zuio, mlinzi wa mlangoni, mtu mwema kabisa, aliichukua simu ile kama zote. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Binti mwenyewe aliona aibu kueleza mbele ya foleni. Saa nne hivi mama akapiga simu ofisini, sauti juu, anauliza kwa nini vipimo vimekatika.

Mnaona kosa lilipo? Mlinzi alitii. Binti alitii. Waliokosea ni walioandika kanuni bila orodha. Wapo pia wenye vifaa vya kusaidia kusikia vinavyoendeshwa kwa simu, na wasioona wanaosomewa maandishi na simu. Sheria ya Brazili imewataja wenye mahitaji ya afya na ya ulemavu. Ufaransa nao wamewataja wenye ulemavu. Orodha yetu iandaliwe kabla ya siku ya kwanza, iwe mikononi mwa walinzi na walimu wote, na mtoto asilazimike kujieleza kila asubuhi.

Na msinielewe kwamba napiga vita kompyuta. Takwimu zilezile za PISA zinaonyesha kwamba wanafunzi wanaotumia vifaa vya kidijitali kujifunzia shuleni, hadi saa moja kwa siku, walifanya vizuri kuliko wasiotumia kabisa. Kifaa cha shule, kwa somo lililopangwa, mwalimu akijua kilichomo: hilo naliunga mkono. Kifaa binafsi chenye marafiki wote, michezo yote na ugomvi wote wa jana usiku ni jambo jingine.

Nimewaacha wazazi mwisho, na si kwa bahati mbaya.

Mwalimu mmoja aliniambia kwamba aliwaomba wanafunzi wake, kwa hiari yao, waandike ni nani aliyewatumia ujumbe wakati wa vipindi siku ile. Alitegemea marafiki, makundi, michezo. Hao walikuwepo. Lakini kilichojaa kwenye karatasi zile ni mama, baba, shangazi. "Umekula?" "Ukirudi pitia kwa mjomba." "Matokeo yametoka?" Mtoto yuko katikati ya sentensi, na anayemkatiza ni mtu yuleyule aliyelipa ada ili asikatizwe.

Wazazi wangu, najua hofu. Mnasema, "Na kukitokea hatari?" Ni swali la haki na sitalipuuza. Kwenye hatari ya kweli, moto au mtu mwenye nia mbaya, tunataka watoto wakimsikiliza mtu mzima aliye mbele yao. Mamia ya simu zikipigwa kwa pamoja zinaweza kuzidisha mzigo kwenye mtandao unaohitajika na waokoaji, na mlio mmoja unaweza kumfichua aliyejificha. Lakini basi shule nayo ijenge njia yake: namba ya ofisi inayopokelewa, narudia, inayopokelewa, na mtu wa kupeleka ujumbe darasani ndani ya muda mfupi. Mkipiga mara tatu bila kujibiwa, mna haki ya kumrudishia mtoto simu, na mimi nitakuwa upande wenu.

Na walimu, simu zenu. Mwalimu anayesoma ujumbe wake huku watoto wakinakili ubaoni ameshaifuta kanuni yote kwa mkono wake. Zikae chumba cha walimu. Nilisema ni kazi ya watu wazima. Sikusema ni kazi rahisi.

Mwenyekiti, rasimu ya kanuni iko mezani pale mlangoni. Nafasi ya kuandika mahitaji ya afya ya mtoto iko ukurasa wa pili, na ningeomba ijazwe leo kabla ya mtu kuondoka. Kinachobaki kuamuliwa na bodi ni mambo mawili: nani atasimama mlangoni asubuhi, na fedha za makabati zitatoka kifungu gani. Nimeona mama wa safu ya tatu amenyoosha mkono tangu nilipotaja mapumziko, na uso wake unasema hakubaliani nami. Tuanze na yeye.